Siku Niliyosema Sina Shamba

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Na nyinyi wa kule nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele kidogo, kwa maana nitakachosema leo sitaki kukirudia. Mimi naitwa Mwirigi wa M'Ikiara, mtu wa hapa hapa Kibirichia. Wengi mnanijua kama mpishi wa shule ya upili pale juu, yule anayepikia wanafunzi githeri, mahindi na maharagwe. Wengine mnanijua kama mtu aliyekuwa akitoka ibadani kabla ya sala ya mwisho ili asikutane na mtu mlangoni. Wote mko sahihi.

Nimesimama kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa kwenye deni. Lakini hakunitoa kwa kunipa pesa. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu naona vijana hapa ambao wakisikia ushuhuda wa deni wanangoja ile sehemu ambapo mtu anaamka asubuhi na kukuta pesa imeingia kwenye simu. Kwangu haikuingia. Mungu alinitoa kwa kunifanya niseme, mbele ya baba yangu, mbele ya ndugu yangu na mbele ya serikali, kwamba mimi Mwirigi sina shamba.

Naona wazee wameinua vichwa. Ngojeni, nitafika.

Nilipooa, baba yangu alinionyesha mahali pa kulima, kama ilivyo desturi yetu. Ilikuwa asubuhi. Mzee alitangulia, mimi nikamfuata, tukashuka kutoka barabarani hadi kijito, na kila kona alisimama akachomeka kijiti ardhini. Ndugu yangu mdogo Gitonga naye alipooa alionyeshwa upande wa pili. Hakuna kilichoandikwa. Hati ya shamba lote ilibaki kwa jina la mzee, ndani ya sanduku lake la bati, na hakuna aliyeiuliza. Nilijenga pale, nikachimba choo, nikapanda miti ya mpaka. Mtoto wetu wa pili, Mutethia, alifariki akiwa mdogo, tukamzika kule chini karibu na kijito. Kama ungeniuliza wakati ule kama nina shamba, ningekuuliza kama wewe una pua.

Deni lilianza na viazi. Nilitaka kulima kwa wingi mara moja, niwe mtu wa kusimamisha lori la wanunuzi. Nikachukua mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo kwenye duka la agroveti la Bwana Kiogora, ndugu yetu katika Bwana, ambaye yuko hapa leo. Nikakodi shamba la jirani. Nikalipia trekta. Viazi vikaota vizuri hata watu wakawa wanasimama barabarani kuviangalia, na mimi nikawa napita hapo bila sababu ili nione wakiviangalia. Kisha mnyauko ukaingia. Wakulima mnaujua. Asubuhi mmea umesimama, jua likipanda umelala, na ukichimba unakuta kiazi kinatoa majimaji yenye harufu mbaya. Nilipoteza msimu mzima, na mbegu ya msimu uliofuata nikaipoteza pia.

Nikachukua mkopo wa simu ili nimpunguzie Kiogora. Nikachukua mkopo mwingine wa simu ili nilipe ule wa kwanza. Baada ya hapo sikuwa tena mkulima, nilikuwa mtu wa kuhamisha deni kutoka mfuko huu hadi mfuko ule, na kila likihama lilikuwa linanenepa. Wale watu wa mikopo walimpigia kila mtu niliyewahi kumpigia. Walimpigia mchungaji. Walimpigia fundi aliyewahi kunitengenezea baiskeli. Walimpigia mama mkwe wangu, na mama mkwe wangu si mtu wa kupigiwa simu na wageni.

Nikapata kazi ya upishi shuleni. Nashukuru Mungu kwa kazi hiyo, lakini mshahara wake ukitoa unga, mafuta ya taa na karo ya mtoto wetu wa mwisho, kilichobaki hakikutosha hata riba. Mke wangu Kanyua alilima sukumawiki na viazi vya kula, akaenda vibarua vya kung'oa karoti kwa watu. Hatukuwa na ng'ombe. Vilivyobaki nyumbani vilikuwa vitanda, viti, vyombo vya jikoni na jembe lake. Deni halikuwa la mamilioni, ndugu zangu. Kwa mfanyabiashara wa mjini lingekuwa jambo dogo. Kwangu lilikuwa mlima, na nilikuwa naishi chini yake nikiogopa hata kukohoa. Niliona aibu. Niliwaonea aibu watoto wangu, nikamwonea aibu Mungu, nikaacha kuimba.

Siku ya soko Kiogora alinikuta karibu na wauza kabichi. Watu walikuwa wengi. Alisema kwa sauti, "Wewe Mwirigi, si uende tu serikali ikutangaze mufilisi, tujue hauna kitu, tuache kukusumbukia?"

Ulikuwa ni mdomo wa hasira, na sikumlaumu, kwa sababu pesa yake ilikuwa imeliwa na viazi vyangu. Lakini neno lile lilinifuata hadi nyumbani. Jioni nilimpigia binti yetu mkubwa, Kendi, ambaye ameolewa Manyatta kule Embu na anafanya kazi kwenye duka la kompyuta, lile la kuchapa na kujaza fomu za serikali. Nilimpigia ili nilie, lakini mzazi hawezi kumwambia mtoto amempigia ili alie. Kwa hiyo nikamuuliza tu kama hayo mambo ya kutangazwa mufilisi ni ya matajiri peke yao.

Baada ya siku chache akanipigia. "Daddy, nimesoma hiyo sheria. Iko procedure ya watu wa mapato kidogo, wenye hawana kitu ya kuuzwa. Ukikubaliwa unakaa mwaka mmoja, hakuna mtu anakusumbua, na mwaka ukiisha hizo deni zinafutwa."

"Zinafutwa na nani?"

"Na sheria, Daddy. Lakini lazima uqualify."

Akanieleza. Deni lisiwe dogo mno wala lisipite kiwango kilichowekwa. Uwe hujawahi kuingia katika utaratibu huo. Usiwe na njia ya kulipa hata kidogo kidogo. Usiwe umeficha mali wala kumgawia mtu ili ionekane huna. Na kama uliwekewa mdhamini, ujue mdhamini wako haachiliwi, atadaiwa yeye. Hapo nilishukuru Mungu kwamba hakuna ndugu aliyekuwa amenidhamini. Nasema hili polepole kwa wale walio kwenye vikundi vya kudhaminiana, mlisikie vizuri. Na la mwisho, Kendi akasema, usiwe na mali inayoweza kuuzwa, kama gari, ploti au shamba.

Nilisafiri hadi Manyatta, tukajaza pamoja. Tulifika kwenye swali la mali. Kendi aliuliza huku vidole viko kwenye mashine, "Land?"

Nikasema, "Andika ekari moja na nusu, Kibirichia."

Alinitazama. Kendi alilelewa vizuri, hakumwambia baba yake kwamba hana shamba. Akaandika ekari moja na nusu, Kibirichia. Ndugu zangu, hebu niambieni, ni mwanamume gani wa Meru, mwenye mke na boma, anayeulizwa na serikali kama ana shamba na anajibu hapana? Hata aliye na mahali pa kufunga mbuzi mmoja atasema anayo. Mimi sikudanganya. Niliandika nilichokijua tangu siku nilipomfuata mzee na vile vijiti vyake.

Jibu likaja kwamba sikubaliki, kwa kuwa nina mali inayoweza kuuzwa kulipa wadai. Nitawaambia ukweli, nilihuzunika, lakini kuna sehemu ndogo ndani yangu iliyofurahi. Serikali ilikuwa imekubali kwamba mimi ni mtu mwenye mali. Nilitembea siku mbili tatu nikiwa nimenyoosha mgongo. Kisha simu za wadai zikaanza tena, na mgongo ukarudi mahali pake.

Kanyua ndiye aliyesema niende mwenyewe kwenye ofisi ya serikali iliyonikataa. "Baba Kendi, karatasi haiwezi kukuona. Enda wakuone." Nikavaa koti, nikashuka Meru mjini, nikaingia ofisi hiyo. Nilimkuta msichana mwenye miwani, wa umri wa Kendi. Alisoma faili yangu, akainua kichwa.

"Mzee, title ya hii shamba iko kwa jina la nani?"

"La baba yangu."

"Amefariki?"

"Aai, yuko hai. Ana nguvu kukuzidi."

"Kuna agreement yoyote, transfer, kitu imeandikwa?"

"Alinionyesha," nikasema.

"Alikuonyesha nini?"

"Shamba."

Aliweka kalamu chini, akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, "Mzee, basi wewe huna shamba. Unalima kwa baba yako. Kama ungeandika hivyo, ungekuwa umequalify."

Nilikasirika. Nilikasirika kwa niaba yangu, kwa niaba ya ukoo wangu na kwa niaba ya watu wote wa mlimani kwetu. Mtoto ambaye labda anakula viazi vyangu ananiambia sina shamba! Lakini aliendelea. Akasema nianze upya, niape kwa wakili kwamba sina ardhi, na kwa kuwa mwanzo nilisema ninayo, nilete pia kiapo cha mwenye hati, cha mzee mwenyewe, kwamba ardhi ni yake na mimi Mwirigi sina sehemu ndani yake.

Sasa sikilizeni mahali moto ulipokuwa. Gitonga, ndugu yangu, alikuwa ameanza zamani kulisogeza jembe lake upande wangu. Mti wa mpaka ulikuwa ukikauka, na anayejua kwa nini ulikauka ni Mungu na Gitonga. Mzee wetu amezeeka. Siku mzee atakapolala, Gitonga ataleta ile karatasi mbele ya wazee wa ukoo na chifu na kusema, someni, mzee mwenyewe aliapa kwamba Mwirigi hana sehemu, na Mwirigi mwenyewe aliapa hivyo hivyo. Nitajibu nini? Nitasema niliapa ili tu nisilipe madeni? Basi nitakuwa mwongo mara mbili. Na bila kuapa, deni litaniua kabla ya mzee.

Nilimweleza Kanyua. Alikuwa anamenya viazi. Hakuacha kumenya.

"Ukiapa huna shamba, mimi ninalima la nani?"

Kisha akasema neno moja tu, "Mutethia." Akaingia ndani na sufuria yake. Hatukuzungumza tena habari hiyo kwa majuma kadhaa.

Niliomba, ndugu zangu. Niliomba jikoni pale shuleni nikikoroga githeri kwa ule mwiko mkubwa, kwa maana moshi unaficha macho ya mtu anayelia. Nilimwomba Mungu anionyeshe njia ya tatu, nibaki na shamba na deni liondoke. Sikupewa. Nilichopewa kilikuwa ni swali lililokuwa likinirudia kila nikikoroga: hiki unachokishika kwa nguvu hivi, ulikipata kwa nani? Nililichukia swali hilo. Lakini sikuweza kulijibu bila kumtaja baba yangu, na nikaona kwamba nimezunguka kwa watu wote, kwa binti, kwa serikali, kwa mke, na sijaenda kwa mwenye hati. Niliogopa kumwambia baba yangu kwamba nina madeni. Mtu wa miaka yangu, mwenye mvi, namwogopa baba yangu kama mtoto aliyevunja chungu.

Nilienda asubuhi akikamua ng'ombe wake mmoja. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kuanzia mbegu hadi karatasi. Hakugeuka. Maziwa yaliendelea kuingia kwenye ndoo. Nikafika kwenye lile neno, kwamba nahitaji aape kuwa sina shamba.

Mikono ikasimama. Akageuka akaniangalia kwa mshangao kabisa.

"Kwani wewe ulidhani ni lako?"

Nikaitazama ndoo.

"Nilikuonyesha mahali pa kulima, Mwirigi. Ulime, ulishe watoto. Nilisema nimekufa?"

Nilihisi kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Kwa miaka ile yote nilikuwa nikitembea kama mwenye shamba, na mwenye shamba mwenyewe hakuwa na habari hiyo! Lakini mzee hakuwa na hasira. Alimaliza kukamua, akaniuliza ofisi inafunguliwa saa ngapi, akaniambia nimtafutie koti lake la harusi za watu.

Habari zilimfikia Gitonga. Sijui nani alimwambia, lakini siku ya safari tulimkuta barabarani amevaa viatu vya kung'aa. Alisema mzee hawezi kusafiri bila kijana wa kumshika mkono. Tena akalipa nauli yetu sote. Hajawahi kufanya hivyo kabla ya siku hiyo wala baada yake. Nilijua anakuja kufanya nini. Alitaka kuyasikia maneno yale kwa masikio yake, ili siku ikifika awe shahidi.

Tukaingia kwa wakili anayeapisha watu. Mzee akaulizwa, akajibu, wakili akaandika. Kisha mzee akasema asomewe. Wakili akasoma kwamba yeye M'Ikiara ndiye mwenye shamba lote, na kwamba mwanawe Mwirigi hana sehemu yoyote inayomilikiwa naye. Kila neno lilinichoma. Gitonga alikuwa ameinama akitazama viatu vyake, na niliona shavu lake linajizuia kutabasamu.

"Haijaisha," mzee akasema. "Ongeza. Gitonga naye hana."

Wakili akasema, "Mzee, hiyo haihitajiki kwa hii application."

"Mimi ndiye ninaapa ama ni wewe?"

Gitonga akainua kichwa. "Lakini Baba, mimi sina deni."

"Na shamba huna," mzee akasema. "Andika. Vijana wangu wote wawili hawana shamba. Wanalima kwangu. Nikienda, watagawana sawa, kufuata vijiti nilivyochomeka, na vijiti hivyo mimi ninavikumbuka vyote."

Wakili akaandika. Mzee akatia sahihi polepole kama mtu anayeshona kifungo. Nikatia sahihi ya kwangu, kwamba mimi Mwirigi sina shamba. Kalamu haikuwa nzito kama nilivyofikiri. Ndugu zangu, hapo ndipo niliposikia kitu kikifunguka kifuani mwangu. Nilikuwa nimeogopa kuwa maskini peke yangu, na baba yangu akatufanya sawa. Nililia pale kwa wakili, na hakukuwa na moshi wa kunificha.

Njiani kurudi Gitonga alijilipia nauli yake peke yake. Mjue pia kwamba ule mti wa mpaka umechipuka.

Tulipofika nyumbani Kanyua alimletea mzee chai. Alimpa kikombe, akabaki amesimama. Akauliza, "Baba, na pale chini alipolala Mutethia ni pa nani?"

Mzee aliweka kikombe chini. "Pale ni pa Mutethia," akasema. "Hata mimi nikienda mtoni huwa napita kando."

Kanyua akaingia jikoni, na safari hii nilimsikia akiimba.

Nikapeleka ombi langu ofisini mara ya pili, na nikakubaliwa. Jina langu likatangazwa kwa watu wote kuliona, na nikaona haya sokoni, sitaficha. Wadai wakaarifiwa. Simu ikanyamaza. Siku ya kwanza ya ukimya ule niliitazama nikidhani imeharibika. Niliagizwa nisichukue mkopo mkubwa kwa siri ndani ya mwaka huo, na hali yangu ikibadilika niseme. Yule msichana wa ofisi akanieleza maana yake. "Mzee, ukipata mali ndani ya huu mwaka, kwa mfano ukirithi, lazima utuambie, na hizo deni zinaweza kurudi."

Mkaelewa? Mzee akifa kabla ya mwaka kuisha, nitarithi, na nikirithi nitadaiwa, na shamba litauzwa. Nilirudi nyumbani nikamweleza. Akafikiri. Akasema, "Kwa hivyo kazi yangu ni kutokufa."

"Ndiyo, Baba."

"Hiyo nitajaribu."

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja, alishikwa na kifua. Alilazwa. Mlikuja kumwombea, nyinyi nyote, na wengine wenu mlikuwa mnajua kwa nini ninaomba kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Niliona aibu mbele za Mungu, kwa sababu sikujua kama naomba kwa ajili ya baba yangu au kwa ajili ya ile tarehe. Nilimwambia Mungu hivyo hivyo, kwamba sijui. Gitonga alimbeba mgongoni kutoka kitandani hadi chooni, akakaa naye mimi nikiwa kazini. Mzee alimwambia daktari asimpe dawa hafifu, kwa sababu yuko katikati ya kesi ya mtoto. Na siku moja, nikimlisha uji, nilimtazama mdomo wake ukifunguka kama wa ndege mdogo, nikagundua kwamba nimesahau kabisa habari ya deni. Nilitaka tu baba yangu apone. Hapo nikajua nimeshaachiliwa, kabla ya serikali kusema.

Mwaka umeisha juma lililopita. Madeni yamefutwa.

Sasa nina neno kwa Bwana Kiogora, ambaye ameketi pale na hakupiga makofi, na hana sababu ya kupiga. Ndugu yangu, sitasimama hapa niseme deni lako lilikufa bila kukuumiza. Uliniuliza dukani kwako, "Kwa hivyo hautanilipa?" nami nikakujibu kwamba sheria imenikuta sina, na lilikuwa jibu la kweli, na lilikuwa jibu chungu. Siku hizi unaniuzia kwa pesa taslimu tu, nayo ni haki. Wewe ndiwe uliyenielekeza njia siku ile kwenye kabichi, hata kama hukuwa na nia hiyo. Nakushukuru mbele ya watu hawa. Mungu akiniwezesha, nitakuletea viazi kila msimu, si kwa sababu ninadaiwa.

Na wewe uliye hapa umezima simu mfukoni, ninakujua, kwa sababu nilikaa kwenye benchi hilo hilo. Usiogope kwenda kuuliza. Ukiulizwa una nini, usijibu kama sisi wanaume wa hapa tunavyojibu. Sema ulicho nacho, na usichokuwa nacho useme sina. Nilidhani neno hilo litaninyang'anya kila kitu, na bado ninalima pale pale nilipoonyeshwa. Mtumaini Mungu. Sisi sote hapa, na Kiogora, na mchungaji, tumeonyeshwa tu mahali pa kulima.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Ningeendelea, lakini mwenye shamba bado yuko hai, ndugu zangu, ameketi pale karibu na dirisha na koti lake, na ananitazama nimalize.